Mwezi wa Karibu

Redio ilisema usiku huu mwezi utatukaribia
kuliko mwaka wowote tangu nizaliwe.
Umeme ulikuwa umekatika Katuba nzima, kama kwa heshima.
Nikapanda juu ya pipa na simu yangu
yenye kioo kilichopasuka tangu Noeli.

Ukatoka nyuma ya kilima cheusi, kile cha mavi ya shaba,
mkubwa, wenye haya, rangi ya mawese,
ukaegemea bomba la kiwanda
kama mtu aliyefika ugenini akaogopa kupiga hodi.

Mama Mujinga akaacha mwiko ndani ya bukari.
Kazadi, miaka minne, akanyoosha vidole:
"Shusha! Shusha nishike!"

Nikapiga. Nikatazama.
Kidonge cha kichwa kwenye sakafu nyeusi.
Nikavuta karibu: kidonge kikawa ukungu.
Nikapiga tena, viwiko ukutani, nimebana pumzi,
mara kumi na moja,
na mara zote mwezi uliojaza mbingu
uliingia simuni mdogo kuliko kifungo cha shati.

Papa alikuwa amekaa kizingitini. Hakuinua shingo.
"Miezi mimi naijua," akasema.
"Thelathini na sita niliihesabu pale getini,
kila mmoja na mwisho wake,
kila mwisho na mikono mitupu.
Huu nao umekaribia, haya. Unalipa?"
Tukacheka. Halafu tukaacha.

Baadaye akasimama, anasugua goti.
"Enzi zetu..." akaanza, akakatiza.
Kazadi alikuwa bado anarukaruka, vumbi tupu.
"Bomba likitoa moshi, huu hatukuuona.
Tulikula, ndiyo. Lakini hatukuuona."
Akatembea mpaka katikati ya ua,
akavua kofia,
yeye asiyeivua hata mezani.

Nikapiga ya kumi na mbili bila kulenga.

Hiyo ndiyo niliyoihifadhi. Mwezi haumo,
umebaki nje, upande wa juu.
Kuna kamba ya nguo, kaptula ya Kazadi,
ukuta wa matofali tusiomaliza kuujenga,
na kisogo cha baba yangu, mvi zimewaka
moja moja,
ningeweza kuzihesabu.

Bukari ilikuwa imeungua chini.
Tuliila hivyohivyo, nje, bila taa.