Daftari la Zamu ya Usiku

Mimi ni karani wa vilivyovunjika.
Ndivyo wanavyoniita pale Nový Bor,
kwenye kiwanda cha bilauri chini ya kilima cha misonobari.
Kila Jumatatu hufungua makasha yaliyorudishwa,
natoa nyasi kavu, natoa karatasi,
nahesabu vigae kama mtu ahesabuye meno ya marehemu.

Machi ile yalirudi makasha arobaini na mawili.
Rotterdam walisema: zimepasuka zenyewe, rafuni, usiku,
hakuna aliyezigusa.
Mpiga simu alikuwa na adabu. Hilo lilinitisha zaidi.

Juu, ghorofa ya tatu, mkurugenzi Hlaváček
alituandikia barua pepe sote mia na kumi na mmoja:
"Sisi ni familia moja."
Ikafuata ya pili, kusahihisha tarehe ya ile ya kwanza.
Wapulizaji hawana kompyuta.
Wana mabomba ya chuma, na mapafu,
na jasho linalokauka kabla ya kudondoka.

Wakaletwa wataalamu. Wakapima mchanga,
wakapima maji, wakapima hata mtikisiko wa malori.
Hakuna aliyemuuliza Zdenka.

Zdenka Vondrová, zamu ya usiku, tanuri la kupozea,
mwanamke wa maneno ya kuhesabu, kofia ya sufu hata penye moto.
Nilikwenda kwake kuazima koleo,
nikaona daftari linaning'inia msumarini kwa kamba ya kiatu,
jalada limeungua pembe moja.
Nikalifungua.

"Tarehe 9 Januari. Mlango wa tanuri haufungi sawasawa. Upepo unaingia."
"Tarehe 10. Vilevile."
"Tarehe 23. Nimeziba kwa kitambaa. Kimeungua."
"Tarehe 2 Februari. Je, kuna anayesoma?"
Na chini yake, kwa mwandiko uleule:
"Hakuna."

Zamani watu wa mchana walilisoma kila alfajiri,
wakatia saini, mmoja akachora paka.
Halafu ukaja mfumo mpya, na nywila zake,
na zamu zikatenganishwa kwa nusu saa
ili kuokoa mishahara.
Wa usiku wakatokea mlango wa nyuma,
wa mchana wakaingilia wa mbele.
Nusu saa ile kiwanda kizima kilikuwa bubu.

Kioo kikipozwa haraka hakilalamiki.
Huondoka kizima, king'avu, kimefungwa utepe,
ndani kimebeba neno ambalo hakikupewa nafasi ya kulimaliza.
Hulimalizia ugenini, gizani.
Kimya kingi kina mshindo mkuu:
mimi nimeufagia mshindo huo,
naujua kwa kilo.

Sikupeleka ripoti. Nilipeleka daftari lenyewe,
likinuka moshi, juu ya meza safi ya Hlaváček.
Alilisoma amesimama. Kisha akaketi.
Saa nne usiku akashuka, koti begani,
viatu vyake vikisaga mchanga kwa kelele,
akasema, "Bibi Vondrová, nieleze."
Zdenka hakueleza. Alimshika mkono
akauweka kwenye ufa wa mlango.
Baridi ikamlamba vidole.
Sijawahi kuhudhuria mkutano mfupi kuliko huo.

Mlango ulitengenezwa Alhamisi,
kwa thamani ya bilauri kumi na mbili.
Zamu sasa hukutana robo saa, yenye malipo;
hunywa chai wima, hubishana,
hulaumiana mpaka jambo linaeleweka.
Barua pepe za familia bado zinakuja.

Jumatatu hii limerudi kasha moja tu.
Nimehesabu, nikaenda msumarini, nikaandika:
"Bilauri tano, zote shingoni. Nani anajua?"
Asubuhi nilikuta majibu matatu,
mawili ya maana,
na la tatu likiuliza kama karani
aliwahi kufundishwa kuandika.