Beseni la Darini

Wa kwanza niliwaua kwa maji ya bomba.
Nalisema mapema, lisije likanikwama kooni.
Macsen aliwaleta ndani ya chupa ya jemu,
utelezi wenye nukta nyeusi
kama pasheni iliyopasuliwa kwa kijiko.
Walipototoka, vistari, vikope,
nami kwa usafi wangu wa kijinga
nikawamwagia maji maangavu ya jikoni.
Asubuhi wote walikuwa chini, wametulia mno.
Nikamwambia mwanangu: baridi.
Baridi ya Machi hapa Cwm Eithin
husingiziwa mengi.

Idwal wa mlango wa pili alicheka
mpaka vumbi la machimbo likaamka kifuani mwake.
"Heledd, unaishi Wales,
mvua inakunyeshea hata ndani ya kikombe,
na bado unafungua bomba?"
Akanipa ndoo mbili kutoka pipa lake
na neno moja: kipana.
Kitu kipana, si kirefu. Hewa huingilia usoni pa maji.

Kitu kipana nilikuwa nacho.
Kilikuwa darini, kimefunikwa shuka,
beseni la manjano alimoogeshewa Macsen,
miaka sita linamngoja wa pili.
Wa pili alikuja wiki kumi na moja,
akageuza njia.
Daktari alisema si kosa langu.
Nilimuuliza mara tatu.

Basi nikapangusa buibui.
Changarawe, nikaiosha hadi maji yakakosa la kusema.
Majani ya bwawani, na konokono aliyejialika.
Mbali na dirisha, jua lisije likawapika.
Macsen akachemsha jani la letusi,
akalikata kwa mkasi wa shule,
kidogo, kidogo kuliko roho inavyotaka,
maana siku ya tisa tulijifunza kwa pua
kwamba ukarimu nao huoza.
Tukachota theluthi, tukarudisha theluthi,
mvua kwa mvua.

Ishirini na watatu.
Wote akawaita Gwilym, ili asikosee.

Kelele za chura, wanasema,
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Hawajakaa jikoni saa nane za usiku
na vyura ambao bado hawana sauti.
Nilitoka zamu ya hospitali, nikavua viatu,
nikawasha taa ndogo,
na chai ikapoa mkononi mwangu
nikitazama vinywa vidogo vikikwangua ukuta
ambao mwanangu aliwahi kuupiga mateke.

Mei, miguu ya nyuma.
Kisha mikono, ghafla, kiwiko kwanza,
kama mtu avaaye sweta kwa haraka.
Akishapata mikono huacha kula.
Huula mkia wake.
"Anajila?" Macsen akauliza.
Nikasema anamalizia alichokuwa.
Sijui nilikitoa wapi.

Na jambo hili hakuna aliyenionya:
chura huzama.
Akishapata mapafu anataka nchi kavu,
akiikosa, maji yaleyale yaliyomlea yanammaliza.
Jumapili tulimkuta mmoja.
Macsen alinitazama, akingoja.
Safari hii sikusema baridi.
Nilisema, "Nilichelewa kuweka mawe,"
na alasiri hiyo tukaenda kwa Idwal,
tukaomba vigae vya jiwe vya paa lake la zamani,
tukaviegemeza, kila kimoja na mteremko wake,
mpaka beseni likafanana na kijiji chetu.

Tuliwarudisha kwenye bwawa lilelile,
ishirini na wawili, kila mmoja sawa na ukucha.
Hakuna aliyegeuka nyuma.
Macsen aliwapungia kwa dakika nzima,
kisha akataka chipsi.

Beseni halikurudi darini.
Lipo nje, karibu na ngazi, linajaa na kufurika.
Jana nilimkuta amesimama ndani yake
na buti zake za mpira, mkono umeshika ukuta,
akijaribu kuruka
bila kukunja magoti.