Sanduku la Yatima

Chini ya hospitali ya Šiauliai,
kati ya chumba cha kufulia shuka na bomba la mvuke,
kuna mashine inayohema kama mgonjwa wa pumu.
Ndiyo seva ya barua, na mlinzi wake ni mimi:
zamu ya usiku, kahawa ya chupa, soksi mbili mbili.

Barua isiyo na mwenyewe hatuitupi.
Inaangukia sanduku tulilolipa jina Yatima,
nami huinama juu yake kabla hakujakucha
nikichambua kama mtu achambuaye mchele:
huyu amesahau nukta, yule amezidisha s,
huyu wa tatu ametuma picha za goti lake
kwa wapishi.
Nasahihisha, nasukuma, naandika daftarini: imefika.
Sheria ni moja. Soma bahasha, usisome barua.

Lakini bahasha nazo zina midomo.

Kwetu binti ana mkia wake wa jina, na mke ana wake.
Mtoto wa Venckus ni Venckutė.
Akiolewa na Stulgys anaitwa Stulgienė,
na ile -utė aliyozaliwa nayo inabaki mlangoni
kama viatu vya mvua.

Tangu katikati ya Novemba zilikuwa zinakuja
kwa audra.venckute, mtu ambaye seva haimjui.
Mtumaji: Bronius Venckus, wa Kelmė.
Kila Jumapili moja, saa kumi na moja jioni na dakika chache.
Mada:

Theluji imefika dirishani.
Mbwa hali.
Nimeona miwani yako ya shule.
Hakuna kitu, nimeandika tu.
Korongo hawajarudi.

Wiki za mwanzo niliziacha, nikidhani atazinduka.
Kisha huruma ikanipanda. Maskini mzee, nikasema,
harusi anaijua, ila vidole vimekataa kuhudhuria.
Audra Stulgienė yuko ghorofa ya tatu, maabara ya damu.
Mstari mmoja wa amri ungetosha:
jina la zamani lielekee jina jipya.
Nikauandika. Nikabonyeza.
Barua kumi na saba zikatoka kwa mkupuo
kama njiwa waliofunguliwa tundu,
nami nikala mkate wangu kwa raha ya mtenda wema.

Saa mbili asubuhi alishuka.
Koti jeupe, vumbi la glavu kwenye vidole.
Hakuketi.
"Ni wewe uliyezileta?"
Nikasema ndiyo, nikingoja asante.

"Lile jina sikulisahau kwake. Nililiacha.
Nilimwachia mahali pa kuandika,
nikajiachia mahali pa kutosoma.
Tumeelewana hivyo, mimi na baba,
pasipo kuambiana. Nani amekuita?"

Sikuwa na jibu. Mashine ikahema kwa niaba yangu.
Nikauliza kama niufute ule mstari.
Akatazama ukuta, bomba, soksi zangu.
"Ya mwisho inasema nini? Sijaifungua."
"Sijui. Mimi husoma mada tu."
"Basi mada."
"Korongo hawajarudi."
Akacheka kwa pua.
"Hurudi Machi ishirini na tano, na kila mwaka
huanza kuwatukana wiki mbili kabla."
Akapanda ngazi. Hakusema nifute, hakusema niache.

Kwa hiyo sikufuta, na sikuacha.
Mbele ya mstari nimeweka alama ya reli,
na mashine ikiiona alama hiyo hupita kimya:
haitii, haisahau,
maneno yapo palepale, yamefumba macho.

Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja na dakika nne,
moja ikaangukia Yatima.
Sikuigusa. Nilikaa nayo
kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Saa tatu usiku simu ya ndani ikalia. Ghorofa ya tatu.
Hakujitambulisha.
"Wamerudi?"

Nikasoma bahasha.
"Wawili," nikasema.