Rangi ya Kwanza

Kabati la Bi. Awuor lilifika kwa mkokoteni
kutoka Makongeni, limelazwa chali kama mgonjwa,
milango imefungwa kwa kamba ya katani,
na mwenyewe nyuma, kwa miguu, amekumbatia droo moja
aliyokataa kumwachia mtu.

"Sitaki jipya," akasema. "Nirudishie rangi ya kwanza.
Ilikuwa buluu."
Akaondoka na droo yake.

Nikakunja mikono ya ovaroli. Msasa namba themanini,
kisha mia na ishirini, kitambaa puani,
na pembeni redio ya Musyimi ikihesabu magari
yaliyokwama Barabara ya Jogoo.

Nyeupe ikatoka kwanza, ya mafuta, ya juzijuzi:
harusi ya bintiye, wageni wa Kisumu,
wiki ile kila cha mbao kilipakwa, hata kinu.
Chini yake waridi, rangi ya bafu la mtu mwingine,
nusu kopo la masalio, nani atupe?
Chini ya waridi, kijani cha lango,
na nywele za brashi zimegandia humo
kama kope.
Kisha hudhurungi, nzito, ya mwaka wa matanga
(alinieleza mwenyewe, sikumwuliza):
watu walijaa sebuleni wiki nzima,
na shemeji mmoja alileta rangi
wenzake walipoleta sukari.

Nikaendelea. Tapentaini kwenye mifereji ya nakshi,
nikachokora kwa kijiti, kwa ukucha.
Chini ya hudhurungi, vanishi.
Chini ya vanishi, mvule.
Na mvule ukaendelea kuwa mvule hadi mgongoni.

Buluu haikuwapo.

Nilitafuta nyuma ya bawaba. Nikaligeuza miguu juu,
likadondosha msumari, punje mbili za mahindi,
kifungo cha sare ya Reli.
Buluu, hata tone.

Najua kudanganya mbao; ndiko kunakonilipia kodi.
Wateja wa Lavington huniletea meza mpya kabisa,
bado zinanuka kiwanda, nizichape kwa mnyororo,
nizimwagie chai ya rangi, nizitie nyufa kwa gundi
ili zionekane zimerithiwa.
Huku kwetu Jericho mtu hulipa ufa uzibwe.
Mkono ni huu huu. Brashi ni hii hii.

"Mwambie ukweli," Musyimi akasema.
"Mvule kama huu haupatikani tena. Upake vanishi,
aone alichokuwa nacho."
Alisema kweli. Nilishafungua vanishi,
nikaikoroga, ikang'aa kama asali,
kisha nikaliona lile tundu katikati ya kabati,
mahali pa droo,
nikafunika kopo.

Nikachukua chaki na plasta. Nikatia buluu ya kufulia nguo,
ile ya vijipakiti dukani kwa Nzilani,
na jeusi kidogo, la kutuliza.
Nikapaka mara mbili. Nikangoja jua.
Halafu, kwa kitambaa kibichi, nikaanza kuichakaza:
kando ya vishikio, ukingoni mwa rafu,
na chini, kwenye pembe ya mlango,
palipo kimo cha mtoto anayejifunza kusimama.
Miaka hamsini ya mikono
niliimaliza kabla ya chai ya saa kumi.

Ijumaa akaja. Hakunisalimu.
Akalizunguka. Akafungua, akafunga, akafungua.
Akairudisha droo yake; ikakwama,
akaipiga nyonga bila kuitazama, ikaingia,
nyeupe katika buluu kama jino.

Musyimi alizima redio.

"Karibu," akasema.
Nilidhani ananikaribisha.
"Karibu ifike. Ila ilikuwa imekoza zaidi kidogo."

Nikapiga magoti, nikatafuta bisibisi,
nikafungua tena kopo.