Eda ya Soketi

Kila siku ya tisa mashine ya Ofisi ya Maji hukataa wageni.
Haifi. Taa ya kijani inawaka, feni inavuma,
ila mita za visima vya Shela zikibisha hodi
hazijibiwi hata "ngoja".

Twalib kapiga simu, jasho limo sautini:
"Somoe, niizime tu, niiwashe upya?"
Usiguse.
Ukiizima umezika bila kujua kilichoua.

Mimi sitoki. Nimo ndani, Langoni, ghorofa ya juu,
nguo nyeupe, siku ya sitini na tatu.
Kiini cha mfumo nakichambua mstari kwa mstari
kama mchele wenye chuya.

Kuingia ni maneno matatu:
hodi, karibu, nimeshaingia.
Kuagana ni manne.
Huyu aseme nakwenda, yule ajibu nimesikia;
kisha yule naye aseme nakwenda,
na huyu, hata akiwa mlangoni, ajibu nimesikia.
Likipungua moja, mlango hubaki nusu.

Nazihesabu soketi. Elfu nne na tisini na sita, pomoni.
Mia mbili zimekaa eda.
"Hizo ndizo!" asema Twalib. "Zipunguzie muda!"
La, hizo ziache.
Zimeaga zikaagwa, zinatimiza siku zao,
ili barua iliyochelewa njiani
isije ikahesabiwa mtoto wa nyumba mpya.

Wagonjwa ni hawa wengine, elfu tatu na ushei.
Wameambiwa kwaheri, wakajibu "nimesikia",
wakanyamaza.
Kule mita ishalala, ishasahau;
huku kiini kimemshikia kiti
mgeni ambaye hata kikombe chake kimeshaoshwa.

Saa nane usiku umeme unakatika.
Betri asilimia kumi na tisa.
Hapo ndipo naliona:
kwenye njia ya makosa, pale kumbukumbu inapokosekana,
aliyeandika amerudi mapema
bila kupunguza hesabu ya walioshika.
Moja tu.
Na kisichofika sifuri hakifungwi.

Natazama jina la aliyeandika. Ni langu.
Natazama tarehe. Ni wiki ile Shee alipolazwa Mombasa,
mimi huku nikimaliza kazi ya watu
nipande basi la alfajiri.
Aliniandikia: "Mwana, mimi nakwenda."
Nikajibu: "Nimesikia."
Nilidhani ni chumba cha upasuaji.

Nimeongeza mstari mmoja.
Nimejenga upya kwa mwanga wa skrini, betri asilimia nne.

Asubuhi Twalib kapiga tena. Zimeshuka zote!
Kisima cha saba kimeleta kipimo,
maji yamepanda sentimita mbili.
Anacheka, ananisifu, anamwita mtu aje aone,
na anakata simu
bila kuaga.

Nimebaki nayo sikioni,
bado ya moto.