Safu ya Tatu

Miaka thelathini na moja nilipima barafu
kwenye njia ya majira ya baridi iendayo kisiwani.
Natoboa kwa keekee, nateremsha rula yenye kulabu,
naandika daftarini: tarehe, sentimita,
na katika safu ya tatu, nani aruhusiwe kupita.
Lori la maziwa. Gari dogo. Au hapana.
Hakuna aliyezama katika zamu yangu.
Nasema hivyo mjue nambari siziogopi.

Februari wakanitoa tezi dume.
Matundu sita tumboni, kama yale yangu ya ziwani,
ila haya walikuwa na adabu ya kuyashona.
Siku kumi nikatembea na mfuko wa mkojo
umefungwa mguuni chini ya suruali ya sufu.
Marketta aliuita mpangaji.
"Ilpo, mpangaji wako amejaa."
Nikacheka, nikashika mishono,
nikamsihi asinichekeshe tena hadi Machi.

Mficha uchi hazai.
Mimi nimeshazaa wawili,
na uchi wangu umeshaonwa na nusu ya wauguzi wa Oulu.

Mpira ulipotoka, maji nayo yakafuata.
Nikipiga chafya. Nikiinama kufunga kiatu.
Nikisimama tu dukani, mbele ya samaki wa moshi,
bila kosa lolote.
Maji yakimwagika hayazoleki, lakini pedi huyazoa:
gramu mia mbili na kumi siku ya kwanza.
Naam, nilizipima, kwa mizani ya unga.
Marketta amenunua mizani nyingine.

Sauna, wiki sita, marufuku.
Jumamosi nikakaa nje kwenye ngazi
nikisikia maji yakilia juu ya mawe ya moto,
yeye na dada yake ndani wakinong'ona jina langu
kama jina la mtu aliyesafiri.

Kisha ripoti. Kurasa mbili.
Gleason tatu jumlisha nne.
Nikasoma saba, nikadhani ni saba kwa kumi,
alama ambayo shuleni sikuwahi kuipata.
Ukingo wa kulia: chanya, milimita moja.
Chanya! Nikampigia kaka yangu Taisto habari njema.
Akanyamaza.
Yeye amemzika mke, anaijua lugha ya huko:
chanya ndiyo mbaya, hasi ndiyo ya kuombea.

Daktari Vartiainen akachora duara.
"Hapa kisu kimepita. Hapa chembe zimegusa wino.
Si kwamba zimebaki.
Si kwamba hazikubaki."
Akaniangalia, akingoja nisielewe.

Lakini barafu, daktari, haivunjiki katikati.
Katikati ina sentimita sitini, unaweza kufanyia harusi.
Huvunjika ukingoni, inapoagana na nchi kavu,
pale upepo unaposukuma maji kwa chini
na kuyavuta tena.
Hata hapo, haivunjiki kila mara.
Unachomeka vijiti vya alama. Unalala.
Unarudi, unatoboa tena.

Akaweka kalamu chini.
"Basi hivyo," akasema. "Hivyo hasa."

Lile jingine, la kitandani, hatujalisema.
Neva ya kushoto ipo; ya kulia ilikwenda na ukingo wake.
Usiku Marketta hunibandika nyayo zake za baridi kwenye ndama za miguu,
kama alivyofanya tangu tulipohamia nyumba hii,
nami hulalamika, kama nilivyolalamika siku zote.

Leo, Mei, barafu imeondoka yenyewe, kwa kelele.
Muuguzi amepiga simu: PSA chini ya sifuri nukta sifuri tatu.
Mashine haioni kitu.
Nikamuuliza, lini tena?
Agosti, akasema.
Marketta alilia akiwa ameshika kitambaa cha vyombo.

Nikatoa daftari la zamani, lina kurasa zimebaki.
Tarehe. Kipimo.
Safu ya tatu nikaiacha wazi, nikaenda kukata kuni, polepole.
Niliporudi, mtu alikuwa ameijaza kwa penseli:
*waenda kwa miguu.*