Sekunde Nne

Mwaka ule televisheni ya taifa ilipokuwa bado inajifunza kutembea,
ikifumbua macho saa kumi na mbili jioni
na kuyafumba saa nne kwa wimbo wa taifa,
chama cha msingi hapa Mkunya kilinunua seti moja
kwa makato ya korosho, shilingi tano kila kilo,
na katibu Likunja akaiingiza daftarini
kati ya magunia matupu na mizani mbovu:
Kioo, kimoja.

Baba alikabidhiwa ufunguo wa jenereta.
Antena aliifunga juu ya mianzi miwili
iliyoungwa kwa mpira wa baiskeli,
nami nikawa mtu wa kuizungusha.
"Elekeza Masasi!" wanapiga kelele ndani. Nazungusha.
"Rudi! Umepita, umepita!"
Habari za nchi nilizipokea kwa viganja.
Ndani mlikuwa na chenga,
zinapepetwa usiku kucha haziishi,
na nyuma yake mtu wa tai anachezesha midomo.
"Mwacheni," alisema Bi Somoe, "naye anakula."

Kisha wakaja wenyewe. Landrova nyeupe, vijana watatu,
kamera begani kama mtoto anayepelekwa zahanati.
Walifuata shida ya maji:
tangi limekauka, wanataka foleni.
Tukawapa foleni, tulikuwa nayo tayari.
Mama alikuwa wa saba.
"Msitazame huku. Fanyeni kama hatupo."
Hilo halikutushinda.

Tukangoja. Kila siku, saa mbili usiku,
watu wamejaa mpaka kwenye magunia ya salfa.
Siku ya sita petroli ya chama ikaisha.
Baba akachukua ile yetu, ya pampu ya kupulizia,
lita moja, na kesho yake lita moja,
akisema Jumamosi nitanunua nyingine.
Mikorosho haikujua habari za Jumamosi. Ikachanua.
Ubwiriunga ukaingia kwenye maua,
mweupe, mwepesi,
kana kwamba chenga zimetoka kiooni
zikatufuata shambani.

Siku ya kumi na mbili tukaonyeshwa.
Sekunde nne; Hokororo fundi saa alihesabu.
Tangi. Kuku, nusu yake.
Mgongo wa mwanamke anajitwika ndoo.
Kisha reli, mahali kwingine, mvua inanyesha.

Mgongo ule ulikuwa wa mama,
na mama hakuwepo.
Bomba lilikuwa limekohoa jioni ileile
naye alikuwa tangini, safari hii wa tatu.
Walimpokea njiani kwa vigelegele, maji yanamwagika,
yeye anauliza kuna nini, nani kaolewa.
Walipomweleza alitua ndoo.
"Nilikuwa na kanga ipi?"

Ya bluu, akasema Likunja.
Nyekundu, akasema Bi Somoe, tena ile ya korosho.
Na maandishi? Hapo kila mmoja akasoma lake:
huyu kaona neno la subira,
yule kaona kijembe cha mke mwenza, tena anamjua anayelengwa.
Mimi sikuona kitu.
Nilikuwa nje, nimekumbatia mianzi.

Miaka mingi baadaye nilifika Dar es Salaam nikauliza.
Mtunza kanda alikuwa mpole, alinipa kiti.
Kanda zilikuwa chache siku zile, akasema,
ya leo ilirekodiwa juu ya ya jana.
Kwa hiyo juu ya mama ipo bajeti, labda.
Au mpira, tumefungwa.

Msimu ule tulivuna magunia mawili.
Baba alirudisha ufunguo wa jenereta bila kuombwa
na hatukuizungumza petroli.
Mama bado yupo. Nikienda kumsalimu
hufungua sanduku, huzitandaza kanga kitandani,
zilizochakaa na zilizochanika nusu,
kisha hunigeukia kama mtu anayedai chenji:
"Wewe ndiye uliyeshika waya. Ipi?"